Wajumbe Walicheka

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimechapa stensili tatu za ofisi kabla ya chai. Ya nne ilichanika, nikaanza upya. Akili haiko kazini tangu jana. Dada yangu Nyemo alikuja kwangu Makole kutoka Hombolo, akafunga mlango, akanishikisha titi lake la kushoto. Uvimbe. Mgumu, kama kokwa ya zambarau. Hauumi, anasema. Wiki iliyopita alifika kliniki, akaambiwa alipe kwanza ndipo apimwe. Hakuwa nacho. Akarudi shambani. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Kikao cha kamati ya afya ya halmashauri. Kazi yangu kuandika kumbukumbu, kusema siruhusiwi. Muuguzi, Sista Tekla, aliomba fungu la serikali ili wanawake wasio na uwezo wapimwe matiti bure. Alisema wengi wanamfikia uvimbe umeshapasuka kuwa kidonda. Diwani mmoja akauliza, "Sista, na sisi tutaruhusiwa kusaidia kupima?" Wakacheka. Wote. Hata mwenyekiti, Mzee Ndahani. Hoja ikaahirishwa. Nilikaza macho kwenye karatasi nisilie.

Alhamisi, 7 Machi
Nilichapa: "Wajumbe walicheka. Hoja iliahirishwa." Sikuongeza neno. Bosi wangu, Bwana Mushi, akaikata sentensi ya kwanza kwa kalamu nyekundu.
"Andika ilijadiliwa kwa kina."
Akanikumbusha kwamba orodha ya watumishi wa kupunguzwa bado haijafungwa. Kwa upole kabisa. Upole wake ndio ulionitisha.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Nyemo anasema uvimbe ni uleule. Mimi nauona umekua. Ana watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Titi la kulia tu.

Jumanne, 12 Machi
Sikufuta. Nimedurufu nakala zote na sentensi yangu imo, nimezigawa bila kumwonyesha Bwana Mushi. Mjinga mimi.

Jumatano, 20 Machi
Kumbukumbu husomwa kwa sauti ili zithibitishwe. Wakafika kwenye sentensi yangu. Bwana Mushi akanitazama. Yule diwani akataka ifutwe, ni aibu kwa kamati. Nikajua nimekwisha.

Mzee Ndahani akavua miwani.
"Haifutwi. Nilicheka kweli. Na marehemu mke wangu alinificha titi lake mwaka mzima, akiogopa kicheko kama hicho."

Hoja ikafunguliwa tena. Wakabishana hadi saa nane mchana. Sista Tekla hakukaa chini hata mara moja. Wamekubali fungu dogo: kliniki moja, kila Jumanne, bure. Nilipaswa kufurahi. Niliogopa hata kutoka chumba cha mkutano, nisikutane na Bwana Mushi.

Ijumaa, 29 Machi
Orodha ya kupunguzwa imebandikwa. Nimo. Kazi yangu inaisha mwisho wa Aprili.

Jumanne, 16 Aprili
Siku ya kwanza ya kliniki ya bure. Tulifika alfajiri, tukakuta wanawake wamejaa hadi nje ya geti. Nyemo aliingia saa nne. Sista Tekla alimpima kwa mikono, taratibu, mpaka kwapani. Kwapani hakuna kitu. Uvimbe utakatwa kipande, upelekwe Dar kupimwa. Tusubiri. Hakusema ni nini, nami sikuthubutu kumuuliza.

Nje, Nyemo alitaka chai. Nikamnunulia, na andazi. Akala lote. Mama mmoja mwenye kaniki, kapauka kwa vumbi la safari, akatusogelea.
"Eti ni bure kweli?"
"Bure, mama," Nyemo akamjibu. "Kaa hapa upumzike, mimi nimeshapimwa."
Akamsogezea nafasi kwenye benchi.