Nimetibu Ng'ombe Likizoni, Sasa Sitaki Kurudi Chuoni

Shangazi, shikamoo. Nakufahamu tangu nikimsomea mama ukurasa wako huku yeye anashona, sikuwahi kudhani ipo siku nitakuandikia mimi, lakini maji yamenifika shingoni na chuo kinafunguliwa baada ya wiki mbili, basi nisikilize usinicheke.

Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu, nasomea udaktari wa mifugo. Muhula uliopita nilifeli somo la dawa, nikaambiwa nirudie mtihani chuo kikifunguliwa, na kusema kweli nilirudi nyumbani nimeshakata tamaa, madaftari nikayasukuma chini ya kitanda, nikawa nalala mpaka saa nne asubuhi, hadi mama akachoka akaniambia, "Kama ni kulala, hata paka analala, na yeye hajafika chuo." Akanipeleka kwa bwana mifugo wa mtaani kwetu nikamsaidie kubeba mkoba.

Shangazi, nimefufuka! Wiki ya kwanza tu tuliitwa kwa mbuzi aliyeshindwa kuzaa, mguu mmoja wa mtoto umekunjika nyuma, bwana mifugo ana mkono mnene haupiti, akasema ingiza wewe, nikaingiza, nikaupapasa ule mguu nikaunyoosha taratibu, mtoto akatoka anapiga chafya, nami nikalia mbele za watu kama mjinga. Tangu siku hiyo naamka kabla ya jogoo. Nimechoma sindano, nimekata kwato, na Ijumaa iliyopita, bwana mifugo akiwa safarini, mama jirani alinijia mbio kwamba ng'ombe wake kiwele kimevimba, cha moto, anapiga teke akikamuliwa, nikampigia bwana mifugo akaniambia dawa ya kiwele imo mkobani, nikaitia kwenye chuchu mimi mwenyewe, kesho yake uvimbe umeshuka na mama jirani akatuletea jagi zima la maziwa ya shukrani, tukanywa chai, na mama akawa ananiita daktari.

Sasa bwana mifugo anasema nibaki tufanye kazi pamoja, eti mkono ninao, vitabu ni vya watu wa ofisini. Mama anasema nikiacha chuo nisimuite mama. Nikifungua daftari la dawa usingizi unanichukua, nikimshika mnyama najiona nimezaliwa kwa kazi hii. Kwa nini nirudi kufelishwa na karatasi wakati wanyama wanapona mikononi mwangu?

Mwenye Mkono

*

Mwenye Mkono, marahaba.

Barua hapa husubiri zamu yake. Yako niliisoma Jumatano, nilipofika kwenye jagi la maziwa nikaweka kikombe chini na kupiga namba uliyoacha. Mimi si daktari, ila nimefuga ng'ombe miaka kumi na moja. Kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji tulichozungumza.

Nilikuuliza, "Ulimwambia mama jirani maziwa ya ng'ombe yule yamwagwe?" Ukasema, "Mungu wangu, Shangazi!" Dawa ile hutoka na maziwa, na kwenye kila kasha pameandikwa yasinywewe kwa siku ngapi. Siku tano mama wa watu amekamua na kuwauzia majirani, na wewe daktari ukayatia kwenye chai. Nikakuuliza mambo hayo mnafundishwa wapi. Ukajibu kwa sauti ndogo, "Kwenye somo la dawa."

Ehe!

Nilikutuma uende kwa mama jirani kwa miguu, si kwa simu. Ukanipigia baadaye unalia: amekugombeza mbele ya watu, amemwaga ndoo nzima, kisha akakuuliza kwa unyonge, "Na waliokwisha kunywa, itakuwaje?" Swali hilo ukanirushia mimi. Hapo ndipo barua yako ilipojijibu yenyewe, mwanangu.

Sikukejeli. Yule mbuzi angekufa, na wewe umemwokoa. Wapo wanaomaliza chuo hawana huo mkono wala hayo machozi. Lakini karatasi haikukuchukia. Ilikuuliza kile kile alichokuuliza jirani. Na bwana mifugo wako, pamoja na wema wake, alikuwa kwenye simu na hakukukumbusha. Huyo ndiye unayetaka akutoshe?

Utarudi chuoni, na mtihani utafanya. Madaftari yatoke chini ya kitanda leo, na ukiwa umeinama hapo, fagia. Asubuhi fuatana na bwana mifugo, ila kila dawa itakayotoka mkobani soma kasha lote na mweleze mwenye mnyama kwa sauti. Mchana soma. Usingizi ukija, soma umesimama. Usimtibu tena mnyama peke yako mpaka uruhusiwe kisheria. Likizo ijayo rudi kwake, mkono usipoe.

Na lile swali la mama jirani sikujibii mimi. Mpigie mwalimu wako wa somo la dawa sasa hivi, kisha ukampe mama huyo jibu, wewe mwenyewe, na wote waliokunywa. Ukimweleza akaelewa, mtihani hautakutisha. Ukishindwa, ng'ombe wake usimguse tena.