Ati Walengwa?

Alhamisi, Nyeri, baada ya chakula cha jioni

Kumbe nilichokuwa naogopa sicho kilichonipata. Tangu kamati yetu ianze kuandika huu mkakati wa taifa wa utafiti wa teknolojia ya habari na mawasiliano, nimehofia wakulima watatuambia hauwahusu.

Leo tulikuwa Kutus kuwasomea rasimu. Nilipofika pale pa "wakulima walengwa", Mama Wanjiku, mkulima wa mpunga kutoka Mwea, akainua mkono.

"Ati walengwa? Mwalimu, mimi hulenga ndege na kombeo kwa mpunga. Nikilenga, nataka iende na isirudi. Nyinyi mnatulenga na nini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti wetu akanuna, maana neno hilo ni lake.

Mama akaendelea, sasa bila mzaha. "Kuna watu walikuja na simu za kupima maji ya shamba. Wakatuuliza maswali siku mzima. Majibu ilienda wapi?"

Nikapekua rasimu yote. Mkakati wetu ulikuwa hausemi popote kwamba matokeo yarudishwe kwa waliohojiwa. Tukaandika kifungu cha kuyarudisha hapo hapo, na mwenyekiti mwenyewe akakubali. Wakubwa wa Nairobi wanaweza kukifuta, najua, lakini leo nimeshusha pumzi.

Wakati wa kuagana Mama alinishika mkono. "Na wewe, utarudi?"

Nikasema ndiyo. Hakunitambua. Mmoja wa wale watu wa simu alikuwa mimi, na majibu ya Mama na wenzake yako kwenye boksi chini ya hiki kitanda changu. Jumamosi nayapeleka Mwea.