Pambo la Fedha la Mke wa Mutua

Mama Kalondu,

Nina miaka themanini na mbili. Ndui na njaa havikuniweza, na korona nayo imenishindwa. Jana tumemwoza mjukuu wetu Mutua huku ughaibuni, Merrylands. Wewe ulishikilia kwamba mchumba wake Ingrid hana kwao, nami nikakuunga mkono. Nimekoma!

Nyanya yake ametuma kutoka Norwei pambo la kifuani, fedha tupu, walilovaa maharusi wote wa ukoo wao. Lina visahani vinavyoning'inia. Bibi harusi akipumua tu, vinametameta na kulia. Eti viumbe wasioonekana wa milimani huiba maharusi, lakini fedha wanaiogopa.

Mipaka imefungwa, kwa hiyo nyanya alikuwa kwenye simu. Ingrid akanitafsiria: "Mzee, mvalishe wewe kwa niaba yangu." Mikono hii iliyovunja mawe ikalifunga, huku nimebana pumzi visahani visilie.

"Baba, pumua!" Kalondu akanicheka.

Nikaona kama nyanya zake wote wamesimama nyuma yake. Kwao kupo, mke wangu, tena kwa zamani sana! Mpigie Ingrid simu, umwite "mwanangu".

Shahidi ni Kalondu, aliyeikamua barakoa yangu iliyolowa machozi.

Mumeo