Moyo Waliojifunzia Madaktari

Jumatatu, 6 Oktoba
Nina miaka sabini na nane. Nimezika kaka zangu wote na maprofeseri watatu. Moyo wangu una mulango mubovu tangu utoto. Damu inarudi nyuma, inalia fuuu. Nusu ya madaktari wa Bujumbura wamejifunza kusikiliza kwa hiki kifua. Profeseri wa kwanza, Muzungu, aliweka sikio lake kwenye ngozi yangu. Waliofuata walikuja na steto, zile mipira ya kusikilizia masikioni. Mi nimebaki.
Masomo ya udaktari yameanza hospitalini. Hawajaniita. Kanzu imeshapigwa pasi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kimya. Bibi yangu Mwajuma, mama wa watoto wangu, ananicheka: "Baba Asha, utawangojea mpaka kiyama?" Wataita. Wananihitaji.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimekwenda hospitalini mwenyewe. Njiani pumzi ilikata, nikakaa kwenye duka la matairi.
Kitanda changu cha kufundishia kimelaliwa na mudoli wa plastiki. Wanafunzi wanabonyeza kidude, kifua kinalia.
Sisi wagonjwa wa kufundishia tulikuwa na kanuni. Mugonjwa anajua ugonjwa wake, lakini hasemi. Wanafunzi watafute. Nimefunga mudomo tangu ujana. Mudoli naye hasemi, tena haombi chai na mandazi.
Musichana mumoja akanitania: "Mzee, huyu ni mwenzako."
"Mwenzangu? Muulize ana watoto wangapi. Mi ninao saba."
Wakacheka sana. Mi apana.
Dokta Esperansi alijifunzia kwangu, leo ndiye anafundisha. Akanilaza. Akasikiliza. Akarudia. Wanafunzi wakasogea na steto zao, akawazuia.
"Apana. Leo muache baba apumzike."
Vitabu vyao navisoma kwa kubahatisha. Lakini sura ya mutu mwenye steto masikioni, hiyo naisoma vizuri. Yeye anajua, hasemi. Kanuni ni ileile, imegeuka tu.

Jumanne, 14 Oktoba
Nina hasira. Sikula. Yule mudoli hawezi kufa. Sasa watajifunza nini?

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimeswali juu ya kiti. Nimemwambia Mwajuma akunje kanzu, aiweke sandukuni. Ameikunja. Halafu akaja kulaza sikio kifuani kwangu, kama zamani.
Nikamuuliza: "Unaliaje?"
"Unalia polepole."

Mutu akibisha haya niliyoandika, asisumbue madaktari. Aje kwetu Jabe, amuulize Mwajuma. Yeye aliusikiliza huu moyo kabla yao wote.