Kwa Gratien, Aliyechambua Maharage Mlangoni

"Huyu mama wa ng'ambo, yeye analia kama nani?"

Hilo ndilo swali ambalo jirani yetu, Mama Kamali, alimnong'oneza mke wako siku tulipokuzika. Béatrice Muhigirwa wa Bukavu alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mbichi, kitambaa kimemwanguka kichwani, analia kuliko dada yako. Mke wako Védastine alishika rozari akaendelea na Salamu Maria aliyokuwa ameifikia. Lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, mwaka mzima, halimezeki wala halitemeki.

Mwaka umezunguka, Gratien, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga viatu vya kazi ukashindwa kuinuka. Lori lilikuwa mbele ya nyumba, limejaa saruji ya Muganza, linakungoja ulivushe darajani kwenda Bukavu. Lilikungoja bure.

Sasa misa yako ya mwaka imefika, na tangazo hili la sisi wa nyumbani kwako litasomwa kanisani baada ya komunyo. Béatrice ametuma neno: anaomba jina lake lisomwe pamoja na majina ya jamaa yako. Neno hilo dogo limetusumbua kuliko maandalizi mengine yote. Mtu akisomwa kanisani kati ya wanaokukumbuka, parokia nzima itataka kujua alikuwa wako kwa njia gani. Na wa kwanza kutaka kujua alikuwa mke wako.

Tunakukumbuka, Papa Gratien, na mwendo wako wa pole, kama mtu aliyepakia mayai badala ya saruji. Akina mama wa Bugarama wenye ndizi zao walijua lori lako kwa honi tu. Hukumpita mtu mwenye mzigo. Ulikula sambaza za kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, na vichwa vyake, ukamwambia binti yako Teta kwamba anayetupa kichwa cha sambaza atakuwa mjinga, na mtoto akaamini mpaka leo. Jumapili ulivaa koti zito la kahawia hata jua likiwaka, kwa sababu, ulisema, Mungu hapokei wageni waliovaa nusu.

Na tunakukumbuka na ungo mapajani.

Katika vita vya kwanza, na tena katika hivi vya pili, kila bunduki ziliposikika upande wa Bukavu, majirani walifunga milango. Wewe ulitoa kigoda, ukaketi mlangoni mchana kweupe, ukachambua maharage. Dereva mzima, mikono imejaa grisi! Wapita njia hawakukuacha.

"Mzee Gratien, umekuwa bibi ya nyumba sasa?"

"Nyumba hii ina mabibi wawili," ulijibu. "Mumoja muzuri, mwingine na ndevu."

Mke wako alisikia akiwa ndani, akajisikia malkia. Sokoni Kamembe alilitembeza jambo hilo kama kitenge kipya: wenu wanapiga meza wakidai chakula, wangu ananichambulia. Wanawake walimwonea kijicho, naye hakuchukia kuonewa. Katika miaka ile ambayo kila nyumba ilikuwa imepoteza kitu, yeye alikuwa na mume mlangoni anayechambua maharage ya mke wake, ametulia kama mtu asiyesikia bunduki.

Ulipoondoka, utulivu uliondoka na wewe. Ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Kamembe, mke wako anasimama na sufuria mkononi mpaka ishuke, kwa kuwa siku hizi hakuna anayejua imebeba nini. Lori likipunguza mwendo barabarani, kifua kinambana kana kwamba mtu amekikalia. Yeye aliyekuwa akiwaongoza wenzake rozari katika shirika la sala la mtaani, sasa anafika katikati ya fungu na maneno yanamkimbia. "Weye uko na imani, Maman," walimwambia, "utashinda." Alirudi nyumbani akiwaonea wivu waliosema hivyo, kwa kuwa wao walikuwa wanalala. Alikuonea wivu hata wewe, kaburini.

Wiki iliyopita Béatrice alivuka daraja akaja mwenyewe kufuata jibu lake. Ilikuwa saa za baada ya chakula. Mke wako alikuwa mlangoni na ungo wa maharage aliokuwa hajaugusa.

"Bonjour, Maman Védastine."

"Bonjour."

Hakusema karibu. Béatrice alivua viatu akaketi hata hivyo, juu ya jamvi, kama mtu wa nyumbani. Hilo nalo likamchoma mke wako.

"Uko nalala?" Béatrice aliuliza.

"Nalala."

"Macho yako inasema hapana."

Akauvuta ungo. Akaanza kuchambua. Kidole gumba kilisukuma maharage vilevile ulivyosukuma wewe, moja moja, kama anayehesabu watoto wanaoingia darasani. Midomo ilicheza bila sauti. Akifika kwenye jiwe, alilishika kitambo, akasema kitu, ndipo akalitupa uani. Mikono ilikuwa yako, Gratien, nayo ilikuwa imeota kwenye mwili wa mwanamke mwingine.

"Nani alikufundisha kuchambua vile?"

Béatrice aliinua uso. "Kunifundisha miye? Miye njo nilimufundisha yeye."

Akasimulia. Ilikuwa darajani, siku za vita vya kwanza. Magari yalikuwa yamesimamishwa kwenye bariyeri ya askari, risasi zinalia milimani, na Béatrice alikuwa amekaa juu ya gunia lake akingoja ruhusa ya kuvuka. Mume wake Mulume alikuwa amekimbilia msituni na hakurudi. Naye alikuwa amejitafutia namna ya kusali ambayo haikimbiwi na maneno. Haragwe zuri, jina la mtu: Bwana, huyu ni wako. Jiwe, hofu yenye jina: Bwana, hii siiwezi, ichukue. Na unaitupa.

"Nikaona shofere mumoja iko natetemeka mu kamiyo ya saruji," Béatrice alisema. "Mikono inapiga usukani kama ngoma. Nikamuambia, Papa shofere, shuka, shika ungo. Akasema, miye ni mwanaume. Nikamuambia, na mabomu inajua? Akashuka, na toka siku ile kila bariyeri ikifungwa tulichambua pamoja."

"Gratien hakuwa muoga," mke wako akasema.

"Gratien? Aliogopa kila kitu, Maman! Daraja, msitu wa Nyungwe, batu ya kofia na bunduki, hata kupita karibu ya ziwa. Na alipita. Kila siku alipita. Muoga ni yule anabakia nyumbani."

Mke wako alitazama uani. Kwa hiyo siku zile za umalkia hukuwa ukimchambulia yeye maharage. Ulikuwa unasali, ulikuwa unatetemeka, na aliyelijua hilo alikuwa mwanamke aliyekaa juu ya gunia.

"Kati ya maharage mazuri," aliuliza, na sauti yake haikumpendeza, "jina langu alilitaja?"

Béatrice alitikisa kichwa. "Apana. Alitaja batoto, kaka yake, batu ya kazi. Weye ulikuwa upande ya mawe."

"Ya mawe!"

"Jiwe ya kwanza, kila mara. Alisema: Bwana, hii ni siku nitamuacha Védastine yeye peke yake. Na hiyo hakuitupa. Ingine yote alitupa, hiyo aliweka mu mufuko."

Hapo, Gratien, mke wako alikumbuka vijiwe alivyokuwa akivitoa kwenye mifuko ya suruali zako kila alipofua. Alifikiri ni vya machimbo ya Muganza. Alikugombeza navyo miaka mingapi, kwamba unamharibia beseni, nawe ukasema pole, Maman Niyigena, na wiki iliyofuata vikawepo tena.

Alilia, lakini usifikiri alilia kwa shukrani. Alilia kwa hasira.

"Juu ya nini hakuniambia miye?"

"Juu ya weye ulikuwa nalala. Alisema, mu nyumba yetu iko muntu mumoja bado analala muzuri, hiyo usingizi siigusi." Béatrice akamsogezea ungo. "Usinionee wivu bure, Maman. Miye nilipata hofu yake tu. Kicheko, ndevu, sambaza, koti ya Jumapili, byote bilikuwa byako."

"Na hofu ilikuwa yangu," mke wako akasema. "Ningeitaka na hiyo."

Mke wako akaanza kuchambua, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Haragwe: Niyigena. Haragwe: Teta. Aliyataja majina kwa Bwana, kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke maneno hayakumkimbia. Ndege: jiwe, uani. Lori linalopunguza mwendo: jiwe, uani. Kisha akapata jingine, jeusi lenye ncha, akalishika juu.

"Bwana," alisema, "hii ni Béatrice. Siiwezi. Ichukue."

Béatrice alicheka mpaka akashika mbavu. "Tupa mbali, Maman! Tupa na nguvu! Daraja nitavuka miye mwenyewe."

Akalitupa. Lilipita hata uzio. Naye akacheka pia, ingawa hakutaka, na hata sasa angependa ijulikane kwamba hakutaka. Jioni ile Teta alimkuta amelala palepale kwenye jamvi, ungo kando, Béatrice amekwisha ondoka. Alilala usingizi mzito, wa kukoroma. Alipoamka alikasirika sana, kwa kuwa sala imefanya kazi na haikutoka kwako moja kwa moja. Imemfikia kupitia mikono ya watu wengine, kama mtumba.

Tangu hapo anachambua kila siku. Hofu haijahama nyumba hii, Gratien. Bunduki bado zipo, na hatujui mwakani tutakuwa wapi. Lakini sasa hofu ina majina, na ikishaitwa jina mbele ya Bwana haimkalii mtu kifuani. Wivu nao haujahama. Uko pale, anautupa asubuhi, jioni anaukuta tena kwenye ungo.

Jana tuliketi kuandika mwisho wa tangazo hili. Niyigena alishika kalamu. Kaka yako Habineza, kama mkubwa, alisema wazi kwamba ukoo ni ukoo.

"Tukisoma mwanamuke wa ng'ambo, batu batacheka weye, Védastine, si sisi."

Niyigena alimtazama mama yake, kalamu hewani. Mke wako alimwambia aandike, naye akataja mmoja mmoja.

Wanaokutaja leo mbele ya Mungu, na ambao hawatachoka kukutaja maadamu wana pumzi: mke wako Védastine, binti zako Niyigena na Teta, kaka yako Habineza na nyumba yake yote ya Muganza, dada yako Nyirakamana wa Nkombo.

"Tumemaliza," Habineza akasema.

"Na Béatrice Muhigirwa wa Bukavu," mke wako akasema, "aliyesali nawe." Akangoja mpaka Niyigena alipofika herufi ya mwisho, akajifunga kitenge, akatoka.