Mama Alivyozeeka Wewe Ukilea Wazee wa Watu

Kaka yangu Magesa,

Ulipokuja likizo kutoka Uswidi, ile mara moja tu tangu uondoke baada ya Uhuru, ulitukuta Butiama tukichambua pamba uani. Mama hakukuacha hata upumzike. Alitaka kujua watu wa huko wanaishije.

“Wazee ni wengi, mama,” ukamwambia. “Wengine wanakaa kwenye nyumba maalumu za kutunzia wazee. Mimi nawaogesha, nawalisha. Ndiyo kazi inayonisomesha.”

“Kwani watoto wao walikufaga wote?”

“Wapo. Wana kazi.”

Mama akatema mate pembeni. Ukacheka, ukasema kwetu watoto ndio wamejaa, lakini nchi ikishaendelea na sisi tutakuwa kama wao.

“Mimi nina wewe,” mama akakujibu.

Hukuwepo tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, huku njia ya Bunda. Mama alikuwa hawezi tena kutembea. Wanamgambo walimpakia kwenye lori pamoja na vyungu na mbuzi, akawa anageuka kulitazama kaburi la baba mpaka likapotea. Katika nyumba ile mpya, kila mtu akipita mlangoni, aliita, “Magesa?” Nilimwogesha mimi, nikamlisha mimi, na bado alikuita wewe.

Kisha ikaja picha yako. Umemkumbatia bibi wa Kizungu kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma umeandika: “Huyu ananiita mwanangu.” Mama aliisogeza karibu na jicho lililokuwa bado linaona.

“Huyu nani?”

“Bibi ambaye Magesa anamtunza huko.”

“Watoto anao?”

“Anao.”

Akanirudishia. “Wana bahati,” akasema, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hakukuita tena, hata alipokuwa anakata roho.

Tulimzika hapa hapa, mbali na baba. Wazee waliuliza kama tukusubiri. Nikawajibu hapana.

Sasa unaandika kwamba utakuja mambo yakitulia. Yametulia, kaka. Chumba cha mama nimempa jirani yetu Nyamisi, bibi ambaye wanawe wamekwenda Musoma na Mwanza, hawarudi. Na sisi tumeshaanza kuwa kama wao, Magesa, wala hatujaendelea. Asubuhi namwogesha, mchana namlisha uji. Ananiita binti yake, nami naitika.

Kwa hiyo usihangaike na safari. Kitanda kina mtu.

Dada yako,
uliyemwachia mama