Kadibodi Kavu

Wawira, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia stoo ya gereji.

Unakajua kale kagari ka jeshi ka Mzee Thuranira, yule mwanajeshi mstaafu? Nimekashughulikia wiki tatu, nikabadilisha kila mpira wa kuzuia oili isivuje. Leo asubuhi nikamwonyesha kadibodi iliyolala chini ya injini. Kavu kabisa!

Akaniuliza, "Ngari, una hakika? Mimi nisipoona tone hapo chini, najua hakuna oili ndani."

Nikacheka. Mbele ya mafundi wote, Wawira, nikacheka! Nikamwambia, "Mzee, hayo ni ya zamani."

Tukafika geti ya uwanja wa Kinoru tu. Injini ikalia kama chuma kinasagwa, ikakwama. Na kwaya nzima ya kanisa lake ilikuwa hapo, imekuja kukaona hako kagari.

Sikuwa nimerudisha oili. Niliimwaga nikibadilisha mipira, nikasahau. Nikasahau!

Mzee hata hakunigombeza. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa na leso yake nyeupe. Ikabaki nyeupe. Akaikunja polepole, akaniwekea mkononi.

"Asante, kijana wangu. Kweli haivuji."

Bado nimeishika.